Jina Bila Hadithi Ni Kibao Tu

Uliza kijana yeyote pale tao Nairobi Wabera alikuwa nani. Wengi watakuambia Wabera ni stritii, ile inayopita kando ya maktaba ya McMillan. Basi. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, akauawa Juni 1963, wakati Kaskazini ilikuwa imegawanyika: ibaki Kenya au iungane na Somalia? Serikali ikampa barabara, lakini hadithi yake haikupata pa kukaa.

Ndiyo maana nikisikia pendekezo la kuita jengo la umma jina la polisi aliyekufa kazini kule Garissa, Wajir au Mandera, siwezi kupiga makofi tu nikaenda zangu. Naunga mkono, ila nina maswali. Na yalinijia upya nikitazama tena Watu Wote, filamu fupi ya Katja Benrath ya 2017 iliyofika hadi uteuzi wa Oscar.

Filamu hiyo inatokana na shambulio la basi la Mandera, Desemba 2015. Al-Shabaab walitaka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kwa dakika ishirini na kitu tunakaa na Jua, mwanamke Mkristo mwenye machungu yake, asiyewaamini majirani wa kiti. Kisha anapewa hijabu ajifiche. Hapo ndipo filamu inaponishika: ushujaa unaanza na kitambaa kinachopitishwa mkono kwa mkono, kabla ya mtu yeyote kutoa hotuba.

Lakini tazama polisi wako wapi. Gari la kusindikiza linaharibika, basi linaendelea peke yake. Kwa hadithi hii ni sawa kabisa, maana bila pengo hilo abiria wasingekuwa na la kuamua. Hata hivyo polisi anabaki kuwa gari lililokwama. Hana sura, hana kwao. Na si filamu pekee. Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa. Vijana mtandaoni walikataa wanafunzi wageuzwe namba. Wakatafuta majina na picha zao. Kati ya waliouawa walikuwemo polisi watatu. Wewe unaweza kutaja hata mmoja?

Kwa hiyo jina kwenye jengo ni deni halali. Shida ni kwamba Garissa si ukuta mtupu. Novemba 1980 vikosi vya serikali vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuua raia. Februari 1984 ikawa Wagalla, Wajir, ambako wanaume wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege, wengi wasirudi nyumbani. Mzee aliyeyaona hayo akisoma jina la afisa juu ya mlango wa zahanati, anaisoma na sare pia. Kibao kikipachikwa na mgeni rasmi kutoka Nairobi bila kumuuliza mzee huyo, hakitamheshimu marehemu. Kitamweka katikati ya ugomvi ambao hakuuanzisha.

Hapa ndipo Watu Wote inafundisha kamati za majina. Haikutuambia Salah Farah alikuwa mwema. Ilituonyesha alisimama na nani. Hata jina la filamu halikuwa lake. Naona mazungumzo yaanzie hapo: afisa huyu alikuwa akimlinda nani siku ile? Kama walionusurika wanaishi mtaa huohuo, wao ndio waseme jina liwekwe wapi. Chini ya jina paandikwe alikotoka, alikufaje na watu gani walibaki hai, kwa Kiswahili na Kisomali. Na jengo lenyewe lifanye kazi, bana. Zahanati isiyo na dawa yenye jina la shujaa ni tusi kwa mama yake.

Huo si mzigo mkubwa kwa kaunti. Ni aya moja ya maandishi, na kikao kimoja cha kusikiliza kabla fundi hajaitwa. Wabera hakupata aya hiyo. Wa sasa wapate, wakati waliowajua bado wapo wa kuisimulia.