Ngoja, Ngoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla magari hayajaziba Barabara ya Lang'ata, kijana mmoja amepanda kwenye nguzo ya bawa la Cessna 172 pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na kutumbukiza kijiti ndani ya tangi. Mbele ya kiti cha rubani kuna vipimo viwili vya mafuta, vizima kabisa. Haviamini. Amefundishwa kuamini kijiti.

Akishuka, anachukua kikombe cha plastiki angavu, anakisukuma kwenye vali iliyo chini ya bawa, na mafuta ya buluu yanachuruzika ndani. Rangi ile hutiwa makusudi ili mafuta ya ndege yatambulike kwa jicho. Kinachotafutwa ni maji, ambayo ni mazito kuliko petroli na hukaa chini kama tone la kioo. Lakini kuna mtego. Kikombe kikijaa maji matupu hakuna mstari wa kutenganisha kitu na kitu, na ukikiinua kuelekea juu, maji huazima ubuluu wa anga na kukudanganya. Kwa hiyo kijana anakishika mbele ya ubavu mweupe wa ndege, kisha ananusa. Anarudia bawa la pili, kisha chini ya injini. Mwalimu wake, ambaye kila mtu hapa anamwita Kapteni, amesimama pembeni na kikombe cha chai, hasemi kitu. Nilidhani hatazami. Kumbe alikuwa anahesabu.

Leseni ya rubani binafsi ina masharti yanayojulikana. Kiwango cha kimataifa ni saa 40 angani, au 35 kwa aliye kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Kati ya hizo, 10 uwe peke yako, na safari yako moja isipungue kilomita 270, ukitua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Kuna mitihani, kuna daktari, kuna pesa nyingi za kulipa, na kuhusu hizo pesa heri ninyamaze. Mimi nilikuja kutazama mikono.

Florence Kerr Wilson, ambaye uwanja huu una jina lake, alianzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka 1929, na hewa aliyorukia ndiyo hii hii: nyembamba. Uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Injini hupata pumzi haba, propela haina cha kushika, bawa halina cha kuegemea. Rubani wa Mombasa husukuma kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta hadi mwisho, akaondoka. Wa Nairobi akifanya hivyo anainyima injini nguvu, maana mafuta yanazidi hewa. Inambidi akivute nyuma kidogo kidogo, huku akisikiliza mngurumo, mpaka injini ikolee. Kijana alikivuta kwa vidole viwili, kichwa kainamisha, kama mama anayeonja chumvi ya mchuzi.

Nilikaa kiti cha nyuma tulipokwenda kufanya mizunguko kwenye kiwanja kidogo katika mbuga za Kajiado. Kupaa kulinishangaza kwa wepesi wake. Kutua ndiko kulikonifunza heshima. Kipimo kinasoma noti 65, lakini kwa hewa hii ardhi inakimbia chini yako kasi kuliko inavyosomeka, na macho yanapiga kelele kwamba unakwenda mno. Mwanafunzi hutaka kuimaliza shughuli. Huisukuma ndege chini, nayo hudunda kama mpira. Mkamia maji hayanywi.

Mara mbili tulidunda. Mara ya tatu Kapteni alisema neno moja tu: "Ngoja." Kijana aliondoa nguvu zote za injini, akaacha kuitazama changarawe iliyo chini ya pua, akatupa macho mwisho wa kiwanja. Ndege ikawa inaelea, labda futi mbili juu ya ardhi. "Ngoja." Akavuta usukani, upana wa kidole. Ndege ikataka kushuka, akavuta tena kidogo, akiinyima ruhusa. "Ngoja, ngoja." Kile king'ora kinachoonya kwamba bawa linaishiwa kikaanza kulia kama filimbi ya mtoto. Ndipo magurudumu ya nyuma yakagusa, na sikusikia mshindo, ila mchakacho wa changarawe. Pua akaishikilia juu mpaka ikachoka yenyewe.

Kapteni akaniambia nifungue mlango. Tulishuka wote wawili.

Ndege isiyo na uzito wetu iliacha ardhi mapema kuliko kijana alivyozoea. Tukaifuata kwa macho ikizunguka juu ya migunga mpaka ikageuka kutukabili. Kapteni sasa hakuwa na chai mkononi. Mkono wake wa kulia ulikuwa nyuma ya mgongo, lakini wa kushoto ulikuwa unavuta kitu kisichokuwepo, upana wa kidole kwa kila mara, na midomo ilikuwa inacheza.

Tuliporudi Wilson wenzake walimmwagia ndoo ya maji, kama ilivyo desturi kwa aliyeruka peke yake mara ya kwanza. Alicheka, akakohoa, akajipangusa macho. Kisha, shati likichuruzika, akachukua kijiti na kupanda kwenye nguzo ya bawa, maana kulikuwa na mwanafunzi wa saa tatu.