Nuru ndani ya seli iliyosokotwa: kompyuta inavyoihesabu

Mwaka 1971 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakifanya kazi Hoffmann-La Roche mjini Basel, Uswisi, walichapisha seli iliyokuja kutumika katika saa na vikokotoo duniani kote. Ni vioo viwili vyenye fuwele za kimiminika katikati, unene wa maikromita chache, na polaraiza moja kila upande, zikiwa zimekingamana. Molekuli zinazogusa kioo cha chini zimelala upande mmoja, za juu zimelala nyuzi 90 kutoka hapo, na za kati zinageuka hatua kwa hatua. Mtetemo wa nuru hugeuka pamoja nazo. Ukiweka volti chache molekuli husimama, na nuru hukwama kwenye polaraiza ya pili.

Kuihesabu seli hii kwa kompyuta ni kazi ya awamu mbili. Ya kwanza ni kujua kila molekuli imeelekea wapi. Programu hujumlisha nishati ya kutanuka, kusokoteka na kupinda kwa mpangilio wa molekuli, pamoja na nishati ya uga wa umeme, kisha hurekebisha pembe hadi jumla hiyo isishuke tena. Ugumu ni kwamba molekuli zikigeuka, uga nao hubadilika, hivyo kila mzunguko lazima uga uhesabiwe upya.

Awamu ya pili ni nuru yenyewe. Njia nyepesi ilitolewa na R. Clark Jones mwaka 1941. Unaikata seli vipande vyembamba, na ndani ya kila kipande unachukulia kwamba molekuli zote zimeelekea upande mmoja. Mtetemo unaofuata urefu wa molekuli huchelewa kuliko ule unaoukata, na ucheleweshaji huo huandikwa katika matriki ya namba nne. Zidisha matriki za vipande vyote kwa mpangilio wake, nawe umepata nuru inayotoka.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kuchora picha za rangi. Mimi nasema tusubiri: programu iulizwe kwanza swali ambalo jibu lake tunalijua. Mwaka 1975 Gooch na Tarry walitoa kanuni ya seli ya nyuzi 90 isiyo na volti. Zidisha unene wa seli kwa tofauti ya fahirisi mbili za mpindo, zidisha kwa 2, kisha gawanya kwa urefu wa wimbi. Jibu likiwa kipeuo cha pili cha 3, seli yenye polaraiza sambamba haipitishi nuru kabisa. Kwa nuru ya kijani ya nanomita 550 na tofauti ya fahirisi ya 0.1, giza hilo huja kwenye unene wa maikromita 4.76. Programu isipoonyesha giza hapo, ama vipande ni vichache mno, ama kuna alama ya kujumlisha au kutoa iliyogeuzwa ndani ya matriki. Ongeza vipande mara mbili. Jibu likibaki na kosa lilelile, tafuta alama.

Njia ya Jones haihesabu nuru inayorudi nyuma kwenye mipaka ya tabaka, na huanza kupotoka nuru ikiingia kwa mshazari. Dwight Berreman alilitatua hilo mwaka 1972 kwa matriki za nne kwa nne, zinazobeba uga wa umeme na wa sumaku kwa pamoja. Ndizo zinazofaa kupima jinsi picha inavyofifia ukiitazama kwa pembeni. Ila zina mtego: ukiingiza kioo chenye unene wa nusu milimita kana kwamba ni tabaka jembamba, grafu hujaa mawimbiwimbi ambayo jicho haliyaoni. Lazima wastani uchukuliwe.

Njia zote mbili hudhani molekuli hubadilika kwa kina tu. Kwenye ukingo wa pikseli ndogo, uga huvuja kando na nuru hutawanyika. Hapo hutatuliwa milinganyo ya Maxwell moja kwa moja katika visanduku, kwa mbinu ya Kane Yee ya mwaka 1966. Gharama yake ni kubwa. Eneo la maikromita 30 kwa 30, kina cha maikromita 5, likigawanywa kwa nanomita 20, linatoa visanduku zaidi ya milioni 560. Namba sita za uga katika kila kisanduku, baiti nne kila moja, zinakula takriban gigabaiti 13.5 kabla hujaweka molekuli hata moja. Isitoshe, vijenzi vitatu vya uga wa umeme havikai mahali pamoja ndani ya kisanduku, ilhali molekuli iliyoinama huviunganisha vyote. Mwandishi wa programu lazima avikadirie kwa uangalifu.

Kwa hiyo chagua njia kwa kuangalia kifaa, wala si kwa ukubwa wa kompyuta uliyonayo. Kisha zifunge njia hizi pamoja: visanduku vya Yee kwenye seli isiyo na kingo vikubaliane na Berreman; Berreman naye, nuru ikiingia wima na mirejeo ikiondolewa, akubaliane na Jones; Jones naye akubaliane na Gooch na Tarry. Kiungo kimoja kikikatika, picha ya ukingo wa pikseli haistahili kuaminiwa, hata ikipendeza namna gani.