Fountain Gate: jengo moja, njia mbili

Aprili 2023, wasichana wa Shule ya Fountain Gate ya Dodoma waliifunga shule ya Omar Ibn Khatab ya Morocco katika fainali jijini Durban, wakawa mabingwa wa Afrika wa soka la shule katika mashindano ya kwanza ya CAF ya ngazi hiyo. Zawadi ilikuwa dola 300,000. Kikombe kilishangiliwa sana, lakini jinsi kilivyopatikana haikuchambuliwa vya kutosha, na humo ndimo lilimo somo kwa klabu zetu.

Kazi ilianzia bwenini. Binti wa Kitanzania mwenye kipaji hakosi miguu wala akili ya mpira, anakosa muda. Kengele ya mwisho ikilia, kaka yake anakimbilia chandimu, yeye anasubiriwa na ndoo, kuni na mdogo wake wa kubeba mgongoni. Dodoma ni nchi kame: mvua hukatika Aprili au Mei, hurudi mwishoni mwa mwaka, na kiangazi maji hufuatwa mbali. Shule ya bweni inamrudishia binti huyo jioni zake, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka.

Kiufundi, jioni hizo zina thamani kubwa kuliko kambi yoyote. Kocha mwenye wiki tatu anaweza kupanga mabeki wake na kuwaongezea pumzi. Hawezi, kwa wiki tatu, kumfundisha mtoto kuangalia nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, au kuutuliza kwa mguu wa kwanza na kuutoa kwa wa pili. Mambo hayo huingia mwilini kwa kurudiwa mara elfu, na umri wake ni kabla ya miaka 15. Tena wanaorudia wawe walewale, kiungo ajue winga wake anataka pasi ya mguuni au ya mbele. Timu ya UMITASHUMTA au UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, huchanganywa kutoka shule nyingi, ikamaliza mashindano na kutawanyika.

Juu ya shule kulikuwa na Fountain Gate Princess, timu ya Ligi Kuu ya Wanawake, nayo ya Dodoma hiyohiyo. Mtoto alimwona kwa macho yake mchezaji anayetaka kuwa. Miezi sita kabla ya Durban, Serengeti Girls walikuwa wameifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 nchini India. Ngazi zilionekana kuanzia darasani hadi timu ya taifa.

Upande wa wanaume jina ni hilohilo, ujenzi ni mwingine kabisa. Timu iliyopanda daraja ikiitwa DTB ilicheza msimu wa 2022/23 kama Singida Big Stars, ikamaliza ya nne. Msimu uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika hadi ilipotolewa na Future ya Misri, na kabla msimu haujaisha ikahamia Mwanza. Mwaka 2024 ikawa Fountain Gate FC, na nyumbani kwake pakawa Babati. Nafasi ya Ligi Kuu iliyopatikana kwa njia hii ni halali, na imewapa vijana wengi ajira. Ila kocha wa timu inayohama hivyo anahitaji wachezaji waliokwishaiva, wa kucheza Jumamosi hii. Na kutoka Dodoma, iliko shule, hadi Babati ni takriban kilomita 250. Kijana wa miaka 17 hawezi kuitwa Jumanne kujaza namba mazoezini, arudi darasani Jumatano.

Azam walielewa mapema kwamba vijana wanapaswa kuwa karibu na timu kubwa. Makao yao ya Chamazi, Dar es Salaam, hayakuhama, na vijana waliokulia pale walipanda kwa kuonekana kila siku na benchi la wakubwa: Himid Mao, Farid Mussa aliyekwenda Tenerife, Novatus Dismas aliyefika Shakhtar Donetsk.

Fountain Gate tayari wana msingi wa kufanya hivyo: shule yenyewe. Ningekuwa na sauti kwenye bodi yao, ningeomba timu ya wanaume ya U-20 ifanye mazoezi Dodoma, na kocha wa timu kubwa alazimike kwa mkataba kuja kuitazama kila mwezi.