Nyumba Njema Si Mlango

Katika nchi ya Austria kuna kijiji kiitwacho Hallstatt, kilichobanwa baina ya ziwa na milima. Wakaazi wake hawatimii elfu moja, lakini siku za msimu wageni huweza kufika 10,000 kwa siku moja. Wengi hushuka kwenye mabasi, wakaenda moja kwa moja mahali pa kupigia picha, wakapiga, kisha wakarudi walikotoka. Ziara ya namna hii ndiyo tunayoitia ila.

Mwaka 2012, huko Uchina katika jimbo la Guangdong, ulifunguliwa mfano wa kijiji hiki, pamoja na kanisa lake na uwanja wake. Basi ikiwa alichokifuata mgeni ni sura tu, sura hiyo yapatikana kwengine. Kisichoigika ni chumvi na jasho la walioichimba. Ndani ya mlima ule imeonekana ngazi ya mbao iliyopata zaidi ya miaka 3,300. Na katika mwaka 1607 yalikamilika mabomba ya magogo yaliyotobolewa, yakapeleka maji ya chumvi mpaka Ebensee, mwendo wa kilomita 40 hivi.

Ardhi ya kuzikia nayo ilikuwa haba. Mifupa ilifukuliwa ili kumpisha maiti mwengine, na mafuvu zaidi ya 600 yakaandikwa majina na kuchorwa maua, wenyewe wasije wakasahauliwa. Si desturi yetu, lakini mwenye kutaka kuwajua watu wa pale atajifunza hapo zaidi kuliko ufukweni.

Mwezi wa Mei 2023 kiliwekwa kiambaza cha mbao kuziba mandhari ile, kikaondolewa baada ya siku chache. Agosti wakaazi wakaandamana, wakitaka idadi ya wageni iwekewe kikomo. Wapo watakaosema kwamba wenyeji wanakula kwa wageni, basi na wavumilie. Hoja hii ni dhaifu. Muuza duka hufungua duka lake, hafungui chumba anacholala mwanawe.

Kwa hiyo aendaye na alale japo usiku mmoja, apande mlimani kwenye chumvi, ashushe sauti, wala asichungulie madirishani. Asiyebisha hodi, hata akirudi na picha mia, ameuona mlango tu.