Fundi, Mita na Glasi ya Maji

Friji ya mvinyo ikiandika 12 huku chupa zina baridi kupita kiasi, mafundi wengi hukimbilia gesi au bodi. Fundi ninayemsifu hapa, wa Dar es Salaam, huanza kwa kuomba glasi ya maji. Anatumbukiza kipimajoto ndani yake, anaiweka rafu ya katikati, anafunga mlango na kuaga hadi kesho. Hewa ya ndani hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Maji hubadilika taratibu, kama mvinyo wenyewe.

Kesho yake maji yana nyuzi 7. Skrini bado ni 12.

Tofauti hiyo ndiyo ushahidi wake wa kwanza. Bodi huwasha na kuzima kompresa kwa kufuata neno la sensa, kisha huandika neno hilohilo kwenye skrini. Sensa ikizidisha nyuzi 5, kompresa itaendelea kupoza mpaka uongo ufike 12, na skrini itapendeza. Sensa iliyokatika waya haisumbui: friji huonyesha alama ya hitilafu, kazi ikaisha. Inayokosea kidogo ndiyo inayowalipisha watu gesi wasiyoihitaji.

Sensa yenyewe ni punje ya kauri ambayo ukinzani wake hushuka joto linapopanda, tabia ambayo Michael Faraday aliiona kwenye salfaidi ya fedha mwaka 1833. Hii ni ya omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 0 inapaswa kufika 33,000 hivi. Fundi anazima umeme na kuchomoa plagi ya sensa, maana ikibaki kwenye bodi, mita itapima vyote viwili kwa pamoja. Anaponda barafu, anaongeza maji ya kujaza nafasi tu, anakoroga, anatumbukiza sensa. Barafu inayoyeyuka haihitaji cheti cha kiwanda: ni nyuzi 0. Kisha anasubiri, na hapa ndipo ninapompenda zaidi, kwa kuwa haandiki namba yoyote kabla haijatulia. Inapanda, inasitasita, inasimama kwenye 26,000.

Unyevu umepenya kwenye ncha na kuupa umeme njia ya pembeni. Ukinzani umepungua, bodi ikaamini kuna joto.

Dukani anapewa nyingine ya omu 10,000, lakini hatosheki. Sensa mbili zinaweza kulingana kwenye nyuzi 25 na kuachana kwenye baridi, hata kukosea nyuzi moja na zaidi pale mvinyo unapohifadhiwa. Kwa hiyo nayo inaingia kwenye barafu ileile. Inapotulia karibu na 33,000 ndipo anawasha chuma cha kulehemu, anaunga waya, anaufunika vizuri, na kuulaza ili matone yasiteremkie kwenye kiungo. Glasi ya maji inarudi rafuni, naye atapita kesho kuisoma kabla ya kudai hela yake.