Nitriti Ndani ya Chungu cha Valsartani

Sisi tuliofuatilia valsartani, dawa ya shinikizo la damu, ya kampuni ya Zhejiang Huahai, ile iliyoanza kurudishwa kutoka madukani Julai 2018, tulisikia lawama zikimwangukia azidi. Azidi hana kosa. Kosa ni la nitriti, na zaidi ya nitriti, ni la chungu ilimomwagwa.

Turudi pale pale. Nitrili ya bifenili imeshapikwa na sodiamu azidi na zinki kloridi ndani ya kiyeyushi cha DMF, tetrazoli imeshafunga. Kazi safi, hata kuachana na azidi ya bati lilikuwa jambo jema. Imebaki azidi ya ziada, na hakuna mwenye akili anayeiacha hivi hivi. Wakaizima kwa sodiamu nitriti na asidi: asidi ya nitrasi inaila azidi, inatoka naitrojeni na gesi ya kucheka. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Lakini jamani, dawa yenyewe bado imo humo! Na DMF imo, DMF ambayo ikikaa motoni huachia dimethilamini. Amini ya sekondari ikutane na asidi ya nitrasi: mwanafunzi wa mwaka wa pili atakutajia kinachozaliwa. NDMA. Magee na Barnes walishaonyesha mwaka 1956 kwamba inawapa panya saratani ya ini.

Wangetenga matabaka kwanza, dawa ibaki kwenye kiyeyushi, azidi ishukie majini, nitriti imwagwe kwenye maji hayo tu. Basi. Badala yake kuna vidonge vilivyokutwa na zaidi ya mikrogramu 15 za NDMA, wakati kikomo cha FDA ni nanogramu 96 kwa siku.

Mtasema nimeanza tena wimbo wangu wa DMF. Nimeanza. Mwaka 2001 Demko na Sharpless walifunga tetrazoli kwa chumvi ya zinki ndani ya maji matupu. Najua, nitrili iliyobanwa kama hii ni kaidi. Sharpless akaja kupata Nobel ya pili mwaka 2022 kwa azidi na shaba, ilhali Huisgen wa Munich, aliyeifungua njia hiyo na kujenga jina kwa kuuliza kila mmenyuko unapitia wapi, alifariki 2020 akiwa na miaka 99 bila hata moja. Sijasamehe.

Ila nikiri: safari hii DMF si mkosaji pekee. Njia yao nyingine, ya trietilamini, ilizimwa vivyo hivyo, dawa ikiwa chunguni. Ikazaa NDEA, ndugu wa NDMA.