Uzi wa Delhi hadi Tokyo

Ukivuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka Delhi hadi Tokyo, unapata kama kilomita 5,850. Ndege kubwa ya abiria huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya, ni saa sita na nusu. Mpangaji wa safari za ndege naye huanzia kwenye uzi huo huo, kisha anaupinda.

Kwanza anautoa milimani. Uzi umepita juu ya Himalaya na uwanda wa Tibet, ambako ardhi yenyewe iko zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Hewa ikivuja kutoka ndani ya ndege, rubani hutakiwa kushuka upesi hadi kama mita 3,000 ili watu wapumue, kwani oksijeni ya vinyago vya abiria ni ya dakika chache. Juu ya Tibet pa kushukia hapana. Basi anaishusha njia kusini, ipite Bangladesh, Myanmar na Kunming. Imeongezeka kilomita mia kadhaa, naye ameridhia.

Halafu anafungua ramani za upepo, tabaka kwa tabaka, na hapa hana haraka hata kidogo. Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, aliufuatilia upepo mkali wa juu angani kwa baluni, akauandikia ripoti mwaka 1926 kwa Kiesperanto. Ni mkondo mwembamba uendao mashariki, na wakati wa baridi juu ya Japani huweza kupita kilomita 300 kwa saa. Anayekwenda Tokyo husukumwa. Anayerudi hupambana na upepo wa mbisho. Mpangaji hulinganisha kimo na kimo: futi 37,000 kuna upepo mzuri, lakini pembezoni mwa mkondo ndege hutikisika, na ikiwa bado nzito kwa mafuta haipandi kirahisi. Juu ya China vimo huhesabiwa kwa mita, kwa hiyo futi 37,000 inakuwa mita 11,300, tofauti ndogo ambayo naye huiandika.

Mafuta huyapima kwa kilo, maana lita hubadilika na joto. Ya kutembea uwanjani. Ya safari. Ya tahadhari, mara nyingi asilimia 5 ya hayo. Ya kufika uwanja wa Narita endapo ule wa Haneda, Tokyo, utafungwa, na juu yake ya dakika 30 za kuzunguka angani. Kuzidisha kwa woga pia ni kosa, kwa sababu kila tani ya ziada huchoma mafuta ili ibebwe.

Karatasi inayotoka ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Kila mstari ni kituo cha angani chenye jina, mara nyingi la herufi tano. Mbele yake kimo, upepo, dakika, na kilo zinazopaswa kuwa zimebaki tangini. Rubani atazilinganisha moja moja njiani. Utabiri mpya ukiingia kabla ya kuondoka, mpangaji anaanza tena kutoka mstari wa juu.

Kwenda, ratiba husema saa saba u nusu, nane. Kurudi ni tisa na zaidi, na kwa safari hiyo anauvuta uzi mwingine kabisa.